Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira: aliyeachishwa kazi asirudishwe kwa aliyemwachisha

Mheshimiwa Waziri,

Pamoja na salamu, ninakuandikia kuhusu fao la upotevu wa ajira, ambalo Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) huwalipa wafanyakazi wa sekta binafsi waliopoteza kazi bila kupenda, kama ambavyo PSSSF huwalipa watumishi wa umma. Ningependa barua hii imfikie pia Mkurugenzi Mkuu wa NSSF pamoja na Bodi ya Wadhamini, kwa sababu baadhi ya ninayoyaomba yanahitaji sheria ifanyiwe marekebisho, na mengine yanahitaji waraka wa kurasa mbili tu kutoka makao makuu kwenda kwa mameneja wa mikoa.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimekuwa karani wa mishahara katika hoteli za Arusha. Kila mwisho wa mwezi mimi ndiye niliyeandaa orodha ya wachangiaji, nikaomba namba ya malipo, nikapeleka jalada kwa mwenye kusaini hundi. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege na idadi ya watalii wa kigeni ikashuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi kiasi cha 620,000, nilipunguzwa kazini pamoja na wenzangu, nami nikapanga foleni upande ule ambao kwa miaka nilikuwa nikiusoma kwenye orodha tu. Tangu hapo madereva wa watalii, wapishi na wahudumu wa vyumba wamekuwa wakinijia niwasaidie kupanga nyaraka zao za madai, na kazi hiyo, isiyo na malipo, naifanya hadi leo.

Nianze kwa kutenda haki. Sheria ya mwaka 2018, iliyoanza kutumika mwezi Agosti mwaka huo na kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa PSSSF huku sekta binafsi ikibaki NSSF, ilifanya jambo ambalo nchi nyingi za Afrika bado hazijalifanya: ilitambua kwamba kupoteza kazi ni janga linalostahili bima, sawa na uzazi, ulemavu na uzee. Kwa mujibu wake, mwanachama aliye raia wa Tanzania, aliyechangia si chini ya miezi 18, ambaye hajafikia umri wa kustaafu, hakuacha kazi kwa hiari yake na anaweza kuthibitisha kwamba hajapata kazi nyingine, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa muda wa miezi 6.

Najua pia fao hili lilikuja kuchukua nafasi ya nini. Kabla yake kulikuwa na fao la kujitoa, ambapo mtu akiachana na mwajiri alichukua michango yake yote na kuanza upya. Serikali ilipojaribu kulifuta mwaka 2012, wafanyakazi wa migodini wakiwa mstari wa mbele walilipinga jambo hilo kwa nguvu, na mpaka leo ukitaja neno NSSF katika kijiwe chochote cha Unga Ltd. au Ngarenaro hapa Arusha utasikia mtu akidai fao hilo lirudishwe. Mimi si mmoja wao. Nimewaona watu waliojitoa mara tatu au nne katika maisha yao, wakajenga msingi wa nyumba kwa mkupuo wa kwanza, wakanunua pikipiki kwa wa pili, kisha wakafika miaka 60 bila kufikisha ile miezi 180 ya michango inayompa mtu haki ya pensheni. Serikali ilikuwa sahihi kuizuia njia ile. Lakini serikali inayomwambia mfanyakazi asiguse akiba yake ya uzeeni siku anapofukuzwa imejitwika wajibu wa kuhakikisha kwamba kile ilichompa badala yake kinamfikia, tena kinamfikia mapema. Hapo ndipo pana tatizo.

Tatizo lenyewe ni hili: karibu kila sharti la fao hili linathibitishwa na karatasi au kumbukumbu iliyo mikononi mwa mwajiri wa zamani. Mtu ameambiwa asikanyage tena getini, pengine ameondoka kwa ugomvi, pengine anaidai ile kampuni mishahara ya miezi, halafu anapofika kudai fao anaelezwa kwamba hatua ya kwanza ni kurudi huko huko.

Tuchukue nyaraka kwanza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi hati ya utumishi ajira inapokoma. Ni wajibu wa mwajiri. Lakini nenda kamuulize mhudumu wa hoteli aliyeambiwa jioni kwamba kesho asije, kama aliondoka na hati yoyote. Mwingine hupewa barua isiyotaja sababu, mwingine barua yenye tarehe isiyolingana na mwezi wa mwisho wa michango, na mwingine huelezwa kwamba afisa utumishi yuko Dar es Salaam na atasaini akirudi. Kosa likiwa la mwajiri, adhabu humwangukia mdai, kwa kuwa jalada halipokelewi mpaka litimie. Katika ofisi moja niliyomsindikiza mama mmoja mpishi, afisa aliyetuhudumia alikuwa mpole na mwenye heshima kabisa, wala sina la kumlaumu. Alitueleza tu kwamba mfumo hauna mahali pa kuandika "mwajiri amekataa". Ninaamini alisema kweli, na ninaamini pia kwamba sehemu hiyo inaweza kuongezwa.

Lililo zito zaidi ni michango. Mheshimiwa Waziri, ukitaka kujua afya ya kampuni usisome matangazo yake, angalia inawasilisha lini michango ya wafanyakazi. Fedha zikipungua, kodi ya pango italipwa, wauza nyama na mboga watalipwa ili jiko lisizime, mkopo wa benki utalipwa, na michango ya hifadhi ya jamii ndiyo itakayosubiri, kwa sababu mwenye fedha hizo hayupo mlangoni akizidai. Sheria inataka michango iwasilishwe ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi unaohusika kuisha. Asilimia 10 inakatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi na asilimia 10 anaongeza mwajiri. Sehemu ile ya mfanyakazi si mali ya kampuni hata kwa siku moja. Hata hivyo hutumika kama mkopo usio na riba, na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimeandika kuhusu michango isiyowasilishwa kwa miaka mingi bila jambo hilo kukoma.

Sasa fikiria mtu aliyefanya kazi miaka miwili kamili, kila hati yake ya mshahara ikionyesha makato, lakini katika miezi hiyo 24 ni 15 tu iliyoingia kwenye akaunti yake. Kwa macho yake yeye amechangia miezi 24, na macho yake yako sahihi. Kwa kompyuta ya Mfuko amechangia 15, kwa hiyo hajafikia 18, kwa hiyo hana fao hilo. Anaambiwa afuatilie kwa mwajiri. Mfuko wenye wanasheria, wakaguzi, mamlaka ya kutoza adhabu na mamlaka ya kumfikisha mwajiri mahakamani unamtuma mtu asiye na nauli ya daladala akawe mkusanyaji wa madeni yake. Na kwa bahati mbaya ni kampuni hizo hizo zisizowasilisha michango ndizo zinazoelekea kupunguza watu, kwa sababu mambo yote mawili yanatokana na ukata mmoja. Maana yake ni kwamba fao hili huelekea kumkosa yule yule ambaye hatari yake ya kupoteza kazi ni kubwa kuliko ya wengine.

Ninachoomba hapa ni kifupi. Mwezi ambao mfanyakazi ana hati ya mshahara, au taarifa ya benki inayoonyesha mshahara uliokwisha kukatwa, uhesabiwe kuwa ni mwezi uliochangiwa kwa ajili ya fao la upotevu wa ajira. Mfuko umlipe mwanachama, kisha deni ulichukue kwa mwajiri pamoja na adhabu yake. Mtu atasema kutakuwa na hati za kughushi. Zitakuwepo chache, na zitagundulika kirahisi, kwa sababu makato yale yale yanatakiwa yawepo pia kwenye taarifa za kodi ya mishahara ambazo mwajiri huyo huyo huziwasilisha TRA kila mwezi. Serikali iliyounganisha namba ya NIDA na laini za simu za wananchi wote haishindwi kuzifanya taasisi mbili zake zisomane.

Sharti la tatu linalomrudisha mtu kwa mwajiri ni lile la kutokuacha kazi kwa hiari. Kimsingi sharti hili ni la haki, na nchi nyingi zinalo. Lakini hebu tutazame jinsi watu wanavyoondoka kazini kwa kweli. Mwajiri asiyetaka kulipa kiinua mgongo, ambacho kwa sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka kamili wa kazi hadi miaka 10, wala hataki kupita katika mashauriano ya kupunguza wafanyakazi, humwita mfanyakazi ofisini na kumwekea mbele barua mbili. Moja inasema umefukuzwa kwa utovu wa nidhamu, nyingine inasema umeacha kazi mwenyewe. Chagua. Wengi huchagua ya pili ili majina yao yasichafuke, hasa katika kazi ya utalii ambako mameneja wote wa mji wanafahamiana. Wengine husaini kile kinachoitwa makubaliano ya kuachana, wakiahidiwa mshahara wa mwezi mmoja. Wanapofika kudai fao, ile saini yao wenyewe ndiyo inayowafungia mlango.

Sheria yetu ya kazi haikuwa kipofu kwa jambo hili. Kifungu cha 36 cha sheria ile ile ya mwaka 2004 kinatamka kwamba mfanyakazi anayejiuzulu kwa sababu mwajiri ameifanya kazi isivumilike anahesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini ili kulithibitisha hilo ni lazima aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, tena ndani ya siku 30, wakati wengi hawajui kwamba siku hizo zimeshaanza kuhesabiwa. Hata anayewahi hungoja usuluhishi, na ukishindikana hungoja uamuzi, na mwajiri akiomba mapitio Mahakama Kuu hungoja tena. Mimi sioni sababu ya mtu mwenye shauri lililopokelewa na Tume kunyimwa fao mpaka shauri liishe. Namba ya shauri na fomu iliyogongwa mhuri vitoshe kuanzisha malipo. Akishindwa, kiasi alicholipwa kihesabiwe katika mafao yake ya baadaye.

Kuhusu kuthibitisha kwamba mtu hajapata kazi nyingine sitasema mengi, kwa sababu jambo lenyewe lina kichekesho ndani yake. Mtu anathibitishaje kitu ambacho hakipo? Akipata kazi rasmi, wa kwanza kujua ni Mfuko wenyewe, kwa kuwa michango yake itaanza kuingia kwa namba ile ile. Tamko lake lililosainiwa litoshe, na kompyuta ifanye mengine.

Nirudi kwenye muda. Mkataba Na. 102 wa mwaka 1952 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao ndio kipimo cha chini kabisa cha hifadhi ya jamii, unaruhusu kipindi cha kungoja cha siku 7 za mwanzo pale mtu anapopoteza kazi. Siku 7, Mheshimiwa. Kwetu hapa, mtu ambaye nyaraka zake zimetimia hushukuru Mungu akiona fedha kabla mtoto hajarudishwa nyumbani kwa kukosa ada ya shule, na ambaye majina yake kwenye kadi ya uanachama yamepishana na yale ya NIDA, Emanuel na Emmanuel, Husein na Hussein, ataanza kwanza na hati ya kiapo kwa wakili, ambayo ni gharama nyingine kwa mtu asiye na kipato. Fao la miezi 6 linalofika mwezi wa tano halimsaidii mtu kuvuka. Linamlipia madeni ya duka tu. Ninaomba iwekwe siku ya mwisho ya kisheria, tuseme siku 30 tangu dai lipokelewe, na ikipita Mfuko umlipe mwanachama nyongeza kama unavyomtoza mwajiri aliyechelewa. Haki hiyo iende pande zote.

Kiwango nacho kinahitaji kutazamwa, ingawa si kwa haraka kama hayo mengine. Mfanyakazi wa mshahara wa Sh. 400,000 anachangiwa Sh. 80,000 kila mwezi, yake na ya mwajiri. Fao lake ni Sh. 133,200 kwa mwezi, na miezi 6 ikiisha amepata Sh. 799,200. Aliyechangia miezi 18 tu, yaani Sh. 1,440,000, na aliyechangia miaka 10, yaani Sh. 9,600,000, wanapata kiasi kile kile kwa muda ule ule. Mkataba niliokwisha kuutaja unaweka asilimia 45 kwa mfanyakazi mwenye mke na watoto wawili. Afrika Kusini humhesabia mchangiaji siku moja ya fao kwa kila siku 5 za kazi, hadi siku 365, ili aliyekaa kazini muda mrefu apate muda mrefu wa kutafuta nyingine. Mauritius, nchi ndogo kuliko mikoa yetu mingi, hulipa kwa miezi 12 kwa ngazi zinazoshuka: asilimia 90 ya mshahara wa msingi katika miezi 3 ya kwanza, 60 katika 3 inayofuata, na 30 katika 6 ya mwisho. Sisemi tuwaige kesho asubuhi. Ila ngazi ya kushuka ni wazo la busara, maana mwezi wa kwanza ndio wenye kodi ya nyumba iliyopangwa kwa mshahara ambao haupo tena.

Kuna jambo jingine ambalo Mauritius wanalifanya na sisi tuna vifaa vya kulifanya. Anayepokea fao kule huchagua kati ya kutafutiwa kazi, kupewa mafunzo au kusaidiwa kuanzisha biashara ndogo. Sisi tulianzisha Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, mwaka 2008, na shughuli zake baadaye zikahamishiwa katika kitengo cha wizara. Lakini kati ya watu wote niliowasindikiza, sijamwona hata mmoja aliyeambiwa dirishani kwamba kuna mahali serikali inaweza kumsajili kama mtafuta kazi. Mfuko unajua nani amepoteza kazi, alikuwa akifanya kazi gani, mkoa gani, kwa mshahara gani. Mfuko huo huo unajua mwajiri gani mwezi huu ameongeza majina mapya kwenye orodha yake. Sidhani kama kuna benki ya taarifa za ajira nchini iliyo bora kuliko hiyo, nayo imekaa bure.

Natambua kwa nini fao hili halina watetezi wengi. Mjadala wote wa hifadhi ya jamii umemezwa na kikokotoo cha wastaafu, yaani kanuni inayopanga mstaafu alipwe kiasi gani kwa mkupuo na kiasi gani kama pensheni ya kila mwezi. Kikokotoo kilipigiwa kelele mpaka Desemba 2018 Rais Magufuli akakisimamisha, na kilirudi Julai 2022 kwa mkupuo wa asilimia 33 baada ya mazungumzo marefu na vyama vya wafanyakazi. Ilistahili kuwa hivyo. Wastaafu wana vyama, wana muda na wana umri unaoheshimika. Aliyepoteza kazi hutoka pia katika chama cha wafanyakazi mara tu makato ya ada yanapokoma, na kwa kawaida hapendi kutangaza hali yake. Kwa hiyo atapanga foleni kimya kimya na, akirudishwa, ataondoka kimya kimya.

Mheshimiwa Waziri, marekebisho ya viwango na muda yatapita Baraza la Mawaziri na Bunge, nami sitarajii yafanyike kwa mwezi mmoja. Lakini waraka wa kuwaelekeza mameneja wa mikoa wapokee madai yasiyo na hati ya mwajiri kwa tamko la mdai, wakubali hati za mshahara kama ushahidi wa michango, watambue namba ya shauri la Tume, na waandike wenyewe barua kwa mwajiri aliyekaidi badala ya kumtuma mdai, hauhitaji Bunge. Huku kaskazini, hoteli na kambi nyingi hupunguza watu mvua za masika zinapoanza, na mikataba mingi ya msimu huishia Machi. Waraka huo ukiwa mezani kwa mameneja kabla ya mwisho wa Februari, watakaoachwa msimu huu wataukuta unafanya kazi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Karani wa mishahara wa zamani na mwanachama wa Mfuko,
Arusha